Vyumba vya Chanika au nyumba ya mkopo wa benki: ipi inamfaa mwenye mtaji mdogo?

Mwezi uliopita mdogo wangu, muuguzi hapa Dar es Salaam, alinipigia simu usiku. "Dada, nina milioni 25. Benki wako tayari kunikopesha nyumba Goba, na wewe kila tukikutana unanisifia vyumba vyako vya Chanika. Nishike lipi?" Nilimwomba wiki moja niweke hesabu kwenye karatasi. Swali hilo nimeulizwa na wengi, na mara nyingi nimelijibu kwa mdomo tu, bila namba. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikiyapanua kwa yeyote aliye kama yeye: ana mshahara, ana akiba ya kuhesabika, na anataka nyumba ya kupangisha imsaidie siku za mbele.

Watu wengi hulinganisha nyumba kwa kuuliza ipi inaingiza kodi kubwa. Mimi nauliza kwanza: mwezi ambao nyumba imekaa tupu, deni linalipwa na nani? Nilijifunza kuuliza hivyo kwa kumtazama bwana mmoja tuliyefanya naye kazi. Alijenga kwa mkopo wa miaka miwili akitegemea wapangaji wamlipie. Wapangaji walichelewa miezi minne tu, na nyumba ikaenda kwa bei ya kutupa kabla hata haijapakwa rangi.

Kodi ileile, mizigo miwili tofauti

Nimechukua mfano wenye kodi sawa pande zote ili tofauti ionekane. Upande mmoja ni nyumba ya vyumba viwili Goba, bei milioni 80, inayopangishwa laki nne kwa mwezi. Upande wa pili ni nyumba ndogo nne zilizoungana Chanika, kila moja ina chumba, sebule na choo ndani, na kila moja inapangishwa laki moja. Jumla laki nne vilevile. Bei zako zitatofautiana na hizi kwa mtaa na kwa mwaka, kwa hiyo badilisha namba lakini ufuate njia.

| | Goba, mkopo wa benki | Chanika, akiba na SACCOS (chama cha akiba na mikopo) |
|---|---|---|
| Gharama yote | milioni 80 | milioni 45 |
| Fedha yako ya kuanzia | milioni 16, mbali na gharama za mkopo | milioni 25, kisha 5 kidogo kidogo |
| Deni | milioni 64, miaka 15, riba 16% kwa mwaka | milioni 15, miezi 36, riba 1% kwa mwezi |
| Rejesho la mwezi | kama 940,000 | kama 498,000 |
| Kodi kwa mwezi | 400,000 | 400,000 |
| Kodi inaanza | karibu mara moja | baada ya miaka miwili au mitatu |

Tazama safu ya Goba. Rejesho ni laki tisa na arobaini, kodi ni laki nne. Na laki nne hizo hazifiki zote mkononi. Toa mwezi mmoja kwa mwaka wa nyumba kukaa tupu wakati mpangaji mmoja anatoka na mwingine anatafutwa. Toa asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango, ambayo ni haki ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Toa laki tatu na sitini za ukarabati. Kutoka milioni 4.8 za mwaka unabaki na milioni 3.6. Marejesho ya benki kwa mwaka ni milioni 11.28. Maana yake kila mwezi unachukua kama laki sita na arobaini kutoka kwenye mshahara wako kuijazia nyumba ambayo uliambiwa itakulisha. Ukimaliza miaka 15, zile milioni 64 umezirudisha kama milioni 169.

Simlaumu mtu wa benki. Riba za mikopo ya nyumba hapa kwetu zimekuwa zikizunguka kati ya asilimia 13 na 19. Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 5.75, na nikasikia watu wakishangilia kwamba mikopo ya nyumba sasa itakuwa rahisi. Riba ya Benki Kuu siyo utakayopewa wewe. Kati yake na wewe kuna gharama za benki, hofu yao ya wasiolipa, na faida yao. Nyumba ya kupangisha inayokuingizia asilimia 6 ya bei yake kabla ya makato haiwezi kubeba deni la asilimia 16, hata mpangaji awe malaika. Wapo wanaosema mfumuko wa bei utalila deni. Mfumuko wetu kwa miaka ya karibuni umekuwa kama asilimia 3 hivi. Kwa mwendo huo hauli kitu cha maana.

Sasa Chanika. Milioni 3.6 zilezile baada ya makato, lakini juu ya milioni 45. Hiyo ni asilimia 8 safi. Deni lake ni la miaka mitatu, linalipwa na mshahara wakati nyumba bado inajengwa, na mpangaji wa kwanza anapoingia unakuwa umelimaliza au umebakiza kidogo. Kodi ya kwanza kabisa inaingia mfukoni mwako.

Kwa namba hizo ungedhani mjadala umekwisha. Haujaisha, kwa sababu safu ya Chanika ina gharama ambazo haziandikiki kwenye jedwali.

Gharama ya kujenga mwenyewe

Nilianza mwaka wangu wa kwanza kwa kununua mifuko 60 ya saruji. Bei ilikuwa imeshuka, nikaona nimewahi. Niliihifadhi kwenye boma la jirani, juu ya mbao, nikaifunika turubai. Fundi akapata kazi nyingine Kibaha, akachelewa. Masika yakaingia. Nilipokwenda kuifungua, mifuko ya chini ilikuwa migumu kama jiwe. Ukigonga kwa nyundo inalia. Ile ya juu ilikuwa na mabonge ambayo fundi aliyavunja kwa mkono, akayanusa, akaniambia, "Mama, hii tutamwaga chini ya sakafu ya nje, kwenye nguzo siitii." Mifuko 60 nikaokoa 22.

Tangu hapo fedha ya ujenzi siiweki kwenye saruji. Ikisubiri, inasubiri kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, ambako inapata kitu kidogo na naweza kuitoa ndani ya siku chache, kisha nanunua vifaa wiki ya kazi yenyewe. Nondo na mabati yanavumilia kukaa, saruji haivumilii.

Gharama ya pili ni muda wako. Kujenga kwa kudunduliza kunataka Jumamosi zako karibu zote. Fundi anayejua unakuja atachanganya mchanga na saruji sawasawa. Anayejua huji atatoa matofali 45 kwenye mfuko mmoja badala ya 30 na kuuza iliyobaki. Tofali la namna hiyo utalitambua ukiliangusha toka kiunoni: linapasuka vipande vitatu. Mdogo wangu anafanya kazi kwa zamu, usiku na mchana. Nilimwambia wazi kwamba kama hawezi kufika saiti walau mara mbili kwa mwezi, aongeze milioni 5 kwenye hesabu ya Chanika, kwa sababu zitaibwa au zitaharibika.

Ya tatu ni ardhi yenyewe. Nyumba ambayo benki inakubali kuikopeshea tayari imechunguzwa: mwanasheria wao amefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, mthamini amekwenda, hati ipo. Unailipia kazi hiyo, lakini imefanyika. Kiwanja cha Chanika unachunguza mwenyewe. Kuna vilivyopimwa vyenye hati, ambayo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kuna maeneo yenye leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na inakubalika kwa mikopo midogo kwa baadhi ya wakopeshaji. Na kuna vingi ambavyo ulichonacho ni karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba mlipeana fedha mbele ya mashahidi. Haionyeshi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba barabara ya mipango miji haipiti katikati ya sebule yako.

Kama kuna mahali pa kuongeza gharama bila kusita, ni hapa. Kiwanja kilichopimwa cha milioni 8 ni bora kuliko kisichopimwa cha milioni 4, hata kama cha pili kiko karibu na lami.

Mikopo midogo haifanani

Mdogo wangu alikuwa na njia tatu za kupata zile milioni 15, na wengi huziona kama kitu kimoja.

SACCOS ndiyo ninayoipenda. Vyama vingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, kwa hiyo mwenye akiba ya milioni 5 ndani ya chama anapata 15. Dhamana ni akiba yako na wadhamini wenzako, siyo hati. Lakini uliza swali moja kabla ya kuweka sahihi: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote? Asilimia 1 kwa mwezi kwa miezi 36 kwenye salio linalopungua inakugharimu riba ya kama milioni 2.94. Asilimia hiyohiyo ikihesabiwa kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho ni milioni 5.4. Neno moja kwenye fomu, tofauti karibu milioni mbili na nusu, ambayo ni bati la paa zima. Uliza pia leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS inatakiwa kuwa na leseni, na chama kilicho sawa kitakuonyesha bila kununa.

Mkopo wa mshahara una kasi kuliko yote, na kwa mtumishi wa umma unaweza kwenda miaka mingi. Sheria inataka theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato. Watu huichukulia theluthi ile kama ruhusa ya kukopa mpaka hapo. Mimi naiona kama ukuta wa mwisho. Ukifika kwenye ukuta, huna pa kusogea mtoto akiugua. Kwa mtu wa Chanika ningekubali mkopo wa mshahara kama SACCOS haipo, kwa sharti kwamba usizidi miaka minne.

Ya tatu sitaitumia maneno mengi: mikopo ya simu na ya wakopeshaji wa mitaani. Riba ya mwezi mmoja hapo inaweza kuzidi unachopata kwa mwaka kwenye pango. Haijengi nyumba.

Benki inapofaa kweli

Nisionekane nachukia benki. Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, na baadaye kampuni ya TMRC iliyoanzishwa 2010 kuzipa benki fedha za muda mrefu, ndizo zilizotufikisha mahali ambapo mtumishi wa kawaida anaweza kukopa kwa miaka 15 na zaidi.

Ningemwambia mdogo wangu aende Goba bila kusita kama nyumba ingekuwa ya kuishi mwenyewe. Hapo kodi anayolipa sasa inageuka kuwa sehemu ya marejesho, na usalama wa watoto hauna hesabu. Ningemwambia pia aende kama angekuwa na milioni 50 za kuanzia badala ya 16, kwa sababu deni la milioni 30 kwa masharti yale yale lina rejesho la kama laki nne na arobaini, ambalo kodi inalikaribia. Mkopo wa benki ni mzuri kwa nyongeza ya mwisho. Kuubebesha zaidi ya robo tatu ya nyumba ya kupangisha ndiko kunakouumiza mshahara.

Na kabla ya sahihi ajue mambo mawili. Kama nyumba inayowekwa rehani ni ya familia, benki itataka ridhaa ya mwenzi wake, na inafanya vizuri kuitaka. Na akishindwa kulipa, atapewa notisi ya siku 60. Zikiisha, benki inaweza kuanza kuuza. Siku 60 ni chache mno kumpata mnunuzi mzuri wa nyumba, kwa hiyo mwenye kuona shida inakuja aende benki mwenyewe mapema, akiwa bado na rejesho moja mkononi, aombe kupangiwa upya.

Na usipojenga kabisa?

Nililazimika kuiweka sehemu hii, maana ukweli wake unauma kwa sisi tunaopenda nyumba. Kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Zile za miaka 25 zilizouzwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 zilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56. Chukua hiyo ya chini: milioni 45 zingekuletea kama milioni 5.65 kwa mwaka, zikilipwa mara mbili, bila fundi, bila mpangaji, bila shimo la choo. Vyumba vya Chanika ni milioni 3.6. Na kwenye hatifungani unaweza kuanza na milioni 1 tu.

Kwa nini basi nilijenga? Kwa sababu riba ya hatifungani ni ileile mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini, ila kodi ya Chanika niliyoanza kwa elfu sabini leo ni laki moja, na kiwanja hakibaki bei niliyonunulia. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu wa miaka 58 anayesubiri kiinua mgongo ajenge vyumba. Yeye hatifungani zinamfaa zaidi. Anahitaji fedha ya kula sasa, na hana Jumamosi za miaka mitatu za kumkimbiza fundi. Mdogo wangu ana miaka 34.

Kuna pia wanaofikiri kununua hisa za majengo sokoni ni sawa na kumiliki nyumba bila taabu. Jirani zetu Kenya walikuwa na mfuko wa Fahari, ulioingia soko la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 za Kenya kwa kipande. Kufikia 2023 ulikuwa ukiuzwa kama shilingi 6, na wenye vipande wadogo wakapewa nafasi ya kutoka kwa shilingi 11 kabla haujaondoka kwenye soko kuu mwaka 2024. Majengo yalikuwa yamesimama palepale, yana wapangaji. Bei ya kipande ina maisha yake.

Kuendesha nyumba: hapa ndipo wengi tunaanguka

Kukopa ni jambo la siku moja, kusimamia ni la miaka yote. Nimejaribu njia tatu na nimeona ya nne kwa wengine.

Kusimamia mwenyewe ndiyo rahisi kwa gharama na nzito kwa moyo. Unakuwa mama mwenye nyumba, na simu ni yako saa tano usiku: maji hayatoki, jirani anapiga muziki, mlango umevunjwa. Faida yake ni kwamba unamjua mpangaji kwa macho. Mimi sikubali mtu kupitia simu. Anakuja, anaangalia chumba, tunakaa kwenye benchi nje tunaongea anafanya kazi gani na kwa nini anahama alikotoka. Mpangaji wangu wa chumba cha tatu, fundi cherehani, aliniambia siku ile ya kwanza, "Shikamoo mama, sina ya miezi sita, nina ya miwili, lakini sijawahi kukimbia kodi." Nilimpa. Yuko hapo mwaka wa tano. Wa kwanza aliyenilipa mwaka mzima taslimu aliniachia deni la maji na mlango usio na kitasa.

Ile desturi yetu ya kodi ya miezi sita itazame vizuri. Inakupa laki sita kwa mkupuo kwa chumba kimoja, unaona umepata. Baada ya miezi miwili imekwisha na shimo la choo limejaa. Jijini Nairobi wapangaji wengi hulipa kila mwezi, mwanzoni mwa mwezi, na mwenye nyumba anazoea kuishi na kodi kama mshahara. Hapa inabidi ujilipe mwenyewe: kodi ikiingia, igawe mara sita siku hiyohiyo, na sehemu moja kati ya kumi usiiguse, ni ya ukarabati.

Dalali ni mtu wa kuleta mpangaji, siyo wa kusimamia. Malipo yake ni mwezi mmoja wa kodi, mara nyingi anautoa mpangaji. Faida ya dalali ni kwamba haraka yako ndiyo haraka yake. Hasara ni kwamba mpangaji akihama kila baada ya miezi sita, dalali anafaidi na wewe unapaka rangi upya. Usimpe ufunguo wa nyumba tupu abaki nao.

Msimamizi wa jirani ndiyo njia niliyotulia nayo. Mama mwenye genge mtaa wa pili anapita kila jioni, anajua nani amehama usiku na bomba gani linavuja. Namlipa elfu thelathini kwa mwezi kwa vyumba vinne. Hapokei kodi. Kodi inaingia kwenye namba yangu ya simu, na ujumbe wa malipo ndio risiti ya kwanza. Kutenganisha anayeona na anayepokea fedha kumetulindia undugu wetu.

Ya nne ni ya ndugu zetu walio Muscat, London na Marekani, wanaotuma fedha kwa kaka au shemeji ajenge na kusimamia. Nimeona familia mbili zikiacha kusalimiana kwa sababu hiyo. Mara nyingi hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na mtu asiye na mshahara aliyepewa milioni nyingi bila malipo yake mwenyewe, akajilipa polepole. Mlipe anayekusimamia, hata akiwa wa tumbo moja, kiwango kinachojulikana. Vifaa ulipe dukani moja kwa moja. Fundi ulipe kwa hatua iliyokamilika, msingi, lenta, kupaua, na kila hatua akaguliwe na mtu asiye ndugu.

Umeme nao ni chanzo cha ugomvi kuliko kodi. Vyumba vinne kwenye mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni vita: mwenye friji na mwenye taa moja wanachangia sawa, kila wiki mnaamuliwa. Mita ndogo za ndani ni nafuu, lakini bado mtu mmoja ananunua na wengine wanamlipa. Mita ya kila chumba kutoka TANESCO ni ghali. Kuunganishiwa umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani, mjini, ndani ya mita 30 toka nguzo, kumekuwa shilingi 320,960. Nilianza na mita ndogo, miaka miwili baadaye nikaweka za kila chumba, na ugomvi ukaisha wiki ileile. Jambo moja usilisahau: kodi ya majengo siku hizi hukatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayekatwa ni mpangaji, lakini kodi ni yako. Mrudishie kwenye pango bila kusubiri akuombe. Na ukiwa na mita zaidi ya moja kwenye nyumba moja, nenda ofisi ya TRA wairekebishe isikatwe kila mita.

Nyumba ya Goba ina usimamizi mwepesi zaidi, sikatai. Mpangaji mmoja, familia, mkataba wa mwaka. Akiondoka, hata hivyo, mapato yako yote yanaondoka naye siku moja. Chanika mmoja akiondoka, watatu wamebaki. Kama ungechagua ghorofa badala ya nyumba ya chini, ongeza mchango wa kila mwezi wa walinzi, jenereta na lifti, na uulize kama jengo lina hati za sehemu kwa sheria ya 2008 inayohusu umiliki wa sehemu ya jengo. Bila hati hiyo umenunua ufunguo tu.

Fremu za biashara nazigusa kwa sababu mdogo wangu aliuliza: kodi yake ni nzuri na mpangaji anakarabati mwenyewe, lakini zinategemea barabara, na barabara ikipanuliwa fremu ndizo za kwanza kuwekwa alama ya X ya kubomolewa. Nyumba za wageni wa siku chache sikumshauri. Hiyo ni kazi ya hoteli na yeye ana zamu za usiku.

Nilichomshauri

Nilimwambia achukue Chanika, kwa masharti matatu: kiwanja kiwe kimepimwa, mkopo uwe wa SACCOS na usizidi miezi 36, na ajenge viwili kwanza kati ya vinne. Viwili vikipata wapangaji, kodi yake ilipie plasta ya vingine. Kama kazi itamhamishia mkoani kabla ya kupaua, fedha iliyobaki iende kwenye hatifungani na boma lisubiri. Ukuta unaweza kusubiri mwaka, ukiufunika juu usinywe mvua.

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ataweza kuuza viwili siku moja akitaka kuongeza mtaji. Nikamwambia ndiyo sababu nyingine ya kutaka hati. Jumamosi hii tunakwenda na mpima ardhi kuangalia kiwanja alichokipata nyuma ya shule. Muuzaji ametuonyesha bikoni tatu, zile alama za pembe za kiwanja. Tunakwenda kuitafuta ya nne.